Kolaji ya picha zinazopandana: namna ya kuipiga, kuipanga na kuibandika

Unasimama mbele ya mandhari moja, unaipiga kipande kwa kipande hadi ufikishe picha 20, 30 au hata 60, halafu unazipanga mezani au kwenye kompyuta, kingo zikipandana, mpaka mandhari ikamilike. Maungio yanabaki wazi. Ukingo huu umepanda juu ya ule, mstari wa barabara umekatika kidogo, kondakta aliyekuwa akiita abiria upande wa kushoto anaonekana tena kulia akiwa tayari amefunga mlango. Panorama ya simu hujitahidi kuyaficha hayo yote. Kolaji inayaacha kwa sababu yanamwonyesha mtazamaji jinsi jicho linavyotembea: linatua hapa, linahamia pale, linarudi.

Karibu makosa yote ya kolaji huzaliwa wakati wa kupiga. Picha zisizopandana vya kutosha haziunganishiki kwa ufundi wowote wa baadaye, na picha ambazo kila moja imekuja na mwanga wake zitagombana mpaka mwisho. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu zile dakika chache unapokuwa umesimama na kamera mkononi.

Kuchagua mandhari

Tafuta mahali penye vitu vingi vidogo na mistari inayoonekana vizuri. Old Taxi Park ya Kampala, ikitazamwa kutoka kwenye ghorofa za maduka yanayoizunguka, ni shule nzuri ya kuanzia. Taksi zimejaa, nyeupe, kila moja na ule mkanda wa miraba ya bluu ubavuni. Mkanda unavuka kutoka picha moja hadi nyingine, nawe ukiufuata kwa jicho unajua mara moja kipande kinakaa wapi. Mapaa ya mabati, nyaya za umeme, ngazi, mafungu ya ndizi soko la Nakasero, mabango ya maduka: vyote hivi ni viungo vya bure. Mnara wa Msikiti wa Taifa pale Old Kampala, ambao wageni hupanda kwa kulipia, unakupa jiji zima na vilima vyake, lakini kwa kolaji ya kwanza mandhari hiyo ni pana mno. Anza na kitu kinachoenea mbele yako bila kukulazimu kugeuka nyuma.

Ziwa na anga ndivyo vinavyowasumbua wengi. Pale Ggaba, kando ya Ziwa Victoria, picha ya maji matupu haina alama yoyote: ukishuka na picha 12 za namna hiyo hutajua ipi ni ya juu na ipi ni ya chini. Dawa yake ni kuhakikisha kila picha ya maji imeshika kitu, iwe mtumbwi, gugu maji, nguzo ya gati au ukingo wa nchi kavu, na kuongeza eneo la kupandana hadi nusu ya picha. Mawimbi hayatalingana hata ufanyeje, na si hoja. Mtazamaji hasomi wimbi moja moja. Maporomoko ya Sipi ni rahisi kuliko yanavyoonekana, kwa sababu mwamba unaozunguka maji una nyufa na mimea ya kutosha kukuongoza. Tatizo la Sipi ni rasharasha linalotua kwenye lenzi: futa kwa kitambaa cha pamba kila baada ya picha chache, la sivyo nusu ya vipande vitakuwa na ukungu na nusu vitakuwa safi.

Kuna mahali pa kuacha kabisa: mabwawa ya umeme na madaraja yenye askari, kambi, vituo vya polisi, majengo ya serikali yenye ulinzi. Mtu anayepiga picha 40 za mahali pamoja, safu kwa safu, hutiliwa shaka kuliko anayejipiga selfi, na kumweleza mlinzi maana ya kolaji huku ameshika simu yako si kazi nyepesi. Sokoni, muone kwanza kiongozi wa soko au wa eneo lile, kisha wenye vibanda vilivyo mbele. “Nnyabo, naomba kupiga meza yako yote, vipande vipande, itachukua dakika tano” inatosha, na inasaidia kumwambia mapema kwamba utapiga mara nyingi. Wengi hukubali picha moja, halafu hukasirika wakisikia ya kumi. Akikataa, mshukuru uende meza nyingine.

Mwanga wa ikweta haungoji

Kampala iko karibu kabisa na ikweta, hivyo jua hupanda kama limevutwa kwa kamba. Huzunguka digrii 15 kwa saa, sawa na digrii 2.5 kila dakika 10. Chukua nguzo yenye urefu wa mita 10. Jua likiwa digrii 30 juu ya upeo, ambayo ni kama saa 3 kasorobo asubuhi, kivuli chake kina mita 17.3. Dakika 10 baadaye kimebaki mita 15.7. Mita moja na nusu imepotea, na kama safu yako ya kwanza imekishika kivuli cha zamani na safu ya mwisho kipya, ncha zake hazitakutana. Maliza picha zako zote ndani ya dakika 5 au 6.

Saa nzuri ni kati ya saa 1 na nusu na saa 3 asubuhi, na kati ya saa 10 na saa 12 jioni. Saa 6 na saa 7 mchana vivuli huzama chini ya magari na mapaa meupe huungua. Siku ya mawingu mazito yaliyotanda sawasawa, kama zile za msimu wa mvua wa Machi hadi Mei, unaweza kupiga saa yoyote; ni mwanga mtulivu kuliko wote kwa kazi hii. Siku mbaya ni ile ya mawingu yaliyotawanyika, jua likichungulia na kujificha kila nusu dakika. Siku hiyo subiri wingu kubwa, piga safu nzima chini yake, kisha subiri jingine.

Jua liwe mgongoni au ubavuni mwako. Likiwa mbele, vipande vilivyoliangalia vitakuwa vyeupe tupu.

Funga kila kitu kwenye kamera

Simu ya leo ina hamu ya kusaidia. Ukiielekeza kwenye anga inapunguza mwanga, ukiielekeza kwenye kivuli inauongeza, ikiona majani inayakoza, ikiona chakula inakitia wekundu. Kwa picha moja huo ni msaada, lakini kwa picha 30 zinazotakiwa kuwa kitu kimoja ni balaa. Zima HDR (ile inayochanganya picha kadhaa kusawazisha mwanga), fleshi, vichujio vya urembo, na ile sehemu ya kutambua mandhari yenyewe. Kisha elekeza simu kwenye kitu chenye mwangaza wa wastani, mfano majani yenye jua au ukuta wa matofali, ubonyeze kioo kwa muda mrefu hadi ionyeshe kwamba mwanga na fokasi vimefungwa. Kwenye iPhone hutokea maandishi AE/AF, kwenye Android nyingi hutokea alama ya kufuli. Ijaribu: ielekeze kwenye kivuli kizito halafu kwenye anga. Kama kivuli kinabaki cheusi na anga inawaka, imefungwa kweli. Kama kioo kinajirekebisha, haijafungwa. Simu kadhaa hufungua kufuli kila unapobadilisha zumu, kwa hiyo chagua zumu kwanza.

Ukiwa na hali ya Pro, itumie. Weka ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, iwe 50 au 100, kisha sogeza shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, mpaka wingu jeupe kuliko yote bado lionyeshe umbo lake. Usishangae shata ikifika 1/5000 kwenye jua kali, maana lenzi za simu nyingi zimefunguka karibu f/1.8 na hazifungiki. Mizani ya rangi, ile inayoandikwa WB, iwe 5500 kwenye jua au 6500 kwenye mawingu, na usiiguse tena. Kwa kamera yenye lenzi ya kubadilisha, jua kali: f/8, 1/400, ISO 100, fokasi ya mkono.

Zumu ndiyo inayoamua kolaji itakuwa na vipande vingapi. Tuseme unataka kufunika digrii 120 kwa upana na 65 kwa kimo, kila picha ikipanda theluthi ya jirani yake. Kwa 1x ya simu, ambayo huona kama digrii 67 kwa 53, utamaliza na picha 6 tu. Kwa 2x, digrii 37 kwa 28, picha 15. Kwa 3x, digrii 25 kwa 19, picha 35. Picha 6 hazitoshi kuonyesha chochote. Zinafanana na panorama iliyoharibika. Kati ya 25 na 45 ndipo kolaji inapoanza kupumua, kwa hiyo mandhari ya mbali ipigwe kwa 3x kama simu yako ina lenzi ya pili ya kuvutia mbali, au 2x kama haina, ukiongeza kupandana hadi nusu ili kupata vipande zaidi. Lenzi pana ya 0.5x usiiguse. Inapinda mistari pembeni, na mstari uliopinda kwenye kila kipande hauungani na mwingine.

Kupiga safu kwa safu

Kwanza piga picha moja ya 1x ya mandhari nzima. Haitaingia kwenye kolaji. Ni ramani yako, na siku ya kupanga utaishukuru. Ukishaipiga, rudi kwenye zumu uliyoichagua ufunge mwanga upya.

Halafu panda miguu, usiisogeze tena. Shika simu kwa mikono miwili karibu na uso na ugeuze kiwiliwili. Kosa la kawaida ni kunyoosha mkono na kuuzungusha kama feni, simu ikisafiri nusu mita kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa vitu vilivyo mita 30 mbele haina madhara makubwa. Kwa vitu vya karibu ni tofauti: simu ikihama sentimita 10 tu, kitu kilicho mita 1 mbele yako huruka karibu digrii 6 dhidi ya kilicho nyuma yake. Hivyo ndivyo nguzo ya kibanda inavyojitokeza mara mbili na mlango uliokuwa nyuma yake unavyopotea.

Kabla ya kila safu piga picha ya vidole vyako: kimoja kwa safu ya kwanza, viwili kwa ya pili, na kuendelea. Baadaye ukiangalia picha 40 zinazofanana utajua safu inaanzia wapi bila kukisia. Anza juu kushoto, nenda kulia, rudi kushoto kwa safu inayofuata. Usipige kwa kwenda na kurudi kama mkulima anayelima kwa plau. Unapata sekunde chache lakini unapoteza mpangilio wa namba.

Namna ya kupima theluthi bila kipimo: washa ile gridi ya mistari kwenye kioo, inayogawa picha mara tatu kila upande. Tazama kitu kilichokaa kwenye mstari wa wima wa kulia, kwa mfano taa ya taksi. Piga, kisha geuka kulia mpaka taa ile ile ifike kwenye ukingo wa kushoto kabisa, halafu irudishe ndani kidogo. Ukiiacha ikae ukingoni kabisa, umepata theluthi kamili, na mtikisiko mdogo wa mkono utaila. Kwa safu za chini fanya vivyo hivyo kwa mistari ya mlalo.

Simu ibaki sawa, bila kuinama upande. Safu ya juu, unapoinua simu kuelekea juu, majengo yataanza kuegemea ndani, na vipande vitataka kukaa kwa upepeo badala ya mstari ulionyooka. Hilo ni umbile la mambo. Kwenye meza utavizungusha digrii 2 hadi 5 na vitaelewana.

Baada ya safu zote piga picha nyingine 5 hadi 10 za mambo yaliyohama: mtu aliyebeba mzigo akiwa amefika katikati ya uwanja, bodaboda aliyeingia, kaloli (yule ndege mkubwa wa jijini) aliyetua juu ya taa ya barabarani. Hizi ni vipande vya akiba. Mara nyingi ndivyo vinavyoipa kolaji uhai, kwa sababu vinaingiza dakika ya pili ndani ya picha ambayo vinginevyo ingekuwa ya dakika moja. Pia angalia picha zako pale pale kabla ya kuondoka. Pengo moja likibaki katikati huwezi kuliziba nyumbani, na kesho kivuli hakitakuwa mahali pake.

Kutembea ndani ya mandhari

Hadi hapa miguu imesimama. Kuna namna ya pili, ngumu na yenye thawabu kubwa, ambayo mchoraji Mwingereza David Hockney aliifanyia kazi sana miaka ya 1980. Mwaka 1982 alianza na Polaroid, ambazo ukingo wao mweupe ulimlazimisha kuzipanga kama vigae bila kupandana. Baadaye akahamia filamu ya milimita 35 iliyosafishwa kwa njia ya kawaida, na picha zikaanza kulaliana. Kazi yake ya barabara ya jangwani California, ya Aprili 1986, ina mamia ya picha, na hakuipiga kutoka sehemu moja: alikisogelea kila kitu, akapanda ngazi kulifikia bango la barabarani. Ndiyo maana kila kitu ndani yake kinaonekana kama kinakutazama usoni.

Kibanda cha rolex, ile chapati inayoviringishwa na yai, kinafaa sana kwa mazoezi ya namna hii. Ukiwa mita 3, piga kibanda chote kwa picha 8: mwavuli, ubao wa bei, watu wanaongoja. Sogea hadi mita 1.5, piga picha 10 za meza: trei ya mayai, kabichi na nyanya zilizokatwa, madonge ya unga. Mwisho sogea hadi sentimita 75, ukimwomba mwenyewe, upige picha 8 za mikono na kikaango tu. Hapa baki na 1x muda wote, maana miguu yako ndiyo zumu.

Kila unapopunguza umbali kwa nusu, kitu kinakuwa kikubwa mara mbili, na huo ndio uwezo wa namna hii: kikaango kitatawala katikati kwa sababu ulikiendea. Lakini usiruke zaidi ya mara mbili kati ya kipande na jirani yake. Kutoka mita 3 hadi sentimita 75 moja kwa moja, kikaango kitakuwa kimekuzwa mara nne kuliko meza kinayokaa juu yake, na macho yatakataa. Kila hatua ishike angalau kitu kimoja cha hatua iliyopita, kwa mfano kona ya trei ya mayai, ili kuwe na daraja la kuvukia.

Mikono ipige katika nyakati tofauti: inapasua yai, inakoroga, inamimina, inaweka chapati juu ya yai, inaviringisha. Ukiipanga kutoka kushoto kwenda kulia, rolex inapikwa ndani ya kolaji huku meza ikibaki ile ile. Kwa nyuso, ambazo hukosea kirahisi kuliko kitu chochote, baki kwenye umbali mmoja, na usiruhusu ungio kupita katikati ya jicho. Macho mawili yakikaa kwenye kipande kimoja kizima, pua na kidevu vinaweza kuhama kidogo na mtu bado akatambulika. Mvuke wa mafuta utatanda kwenye lenzi mara tu unapofika karibu. Kitambaa kiwe mfukoni.

Kupanga kwenye kompyuta

GIMP ni ya bure na inatosha kabisa. Usihamishe picha kwa WhatsApp ya kawaida, inazipunguza. Zitume kama dokumenti au tumia waya.

Kabla ya kufungua chochote, tengeneza nakala zilizopunguzwa. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 hula karibu megabaiti 48 za kumbukumbu ikifunguliwa, hivyo 30 zitakula giga 1.4 hata kabla hujaanza, na kompyuta ya giga 4 itaanza kukoroma. Zikipunguzwa hadi 1000 kwa 750, kila moja ni megabaiti 3 na zote pamoja ni 90. Kwa safu 5 za picha 6, zikipandana theluthi, kolaji itatoka karibu pikseli 4330 kwa 2750, ambayo ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi ni sentimita 37 kwa 23. Inaingia kwenye A3. Ukitaka A2, zipunguze hadi 2000 kwa 1500 tu.

Tengeneza turubai tupu ya 6000 kwa 4200, nafasi ya ziada ni muhimu, kisha fungua picha zote kama matabaka (layers) kwa Ctrl+Alt+O. Bonyeza alama ya jicho huku umeshika Shift ili kuficha zote isipokuwa moja. Anza na kipande cha katikati, chenye jambo kuu, ukiweke mahali pake. Hicho ndicho nanga, hakisogei tena. Washa jirani yake, mpunguzie uzito (opacity) hadi asilimia 50 ili uone kilicho chini, mvute mpaka kitu kinachoshirikiwa kikae juu ya kitu kile kile, kisha mrudishe asilimia 100. Endelea kwa kuzunguka nanga, wa kulia, wa kushoto, wa juu, wa chini. Ukianzia kona, kosa dogo la kila kipande hujumlishwa na kinachofuata, na ukifika kona ya pili umetoka nje ya njia kwa pikseli mia kadhaa.

Mambo mawili huwakwaza watu kwenye GIMP. La kwanza, kifaa cha kusogeza (herufi M) hushika tabaka lililo chini ya kishale badala ya lile ulilochagua, na kipande kilichokwisha kukaa vizuri kinahama bila wewe kujua. Kwenye mipangilio ya kifaa hicho chagua kisogeze tabaka lililo hai pekee. La pili ni kuzungusha (Shift+R). Kila mzunguko unakokotoa pikseli upya na kulainisha picha kidogo, kwa hiyo ukikosea digrii rudisha nyuma kwa Ctrl+Z kwanza, usizungushe juu ya kilichozungushwa.

Nani apande juu ya nani? Kanuni ya kuanzia: kilicho karibu kikae juu ya kilicho mbali, hivyo anga chini kabisa, uwanja wa mbele juu ya vyote. Inafuata jinsi vitu vinavyofichana kwa kweli. Kisha vunja kanuni pale penye uso, maandishi ya bango au mkono unaofanya kazi: kipande chenye kitu hicho kikiwa kizima ndicho kinachopanda juu. Mstari mrefu unaotawala, kama upeo wa ziwa au ukingo wa paa, ulinganishe kwa uangalifu. Mistari mingine iachwe ikatike. Mtazamaji akipewa mstari mmoja wa kuaminika huvumilia mikatiko mingi.

Ukitaka kingo zionekane kama karatasi halisi, ongeza kivuli chepesi kwa kila tabaka: kihame pikseli 3, kitanuke 7, uzito asilimia 40. Zaidi ya hapo kinakuwa pambo. Hifadhi kazi kama XCF, faili la GIMP lenyewe, kila mara, na toa JPEG mwishoni tu. Mwisho zima vipande kimoja kimoja uone ni kipi ambacho hakuna atakayekikosa, ukiondoe. Kingo za nje usizikate ziwe mstatili. Zile meno meno za pembeni zinaeleza jinsi kitu kilivyotengenezwa, na kolaji iliyonyolewa pembeni hupoteza nusu ya nguvu yake.

Kuchapisha na kubandika

Kolaji ya karatasi ni nzuri kuliko ya kompyuta, kwa sababu kila kipande kina unene na mng’ao wake. Chapisha saizi ya postikadi, sentimita 10 kwa 15. Mweleze mtu wa studio mambo mawili kabla hajabonyeza chochote. Kwanza, azime urekebishaji wa rangi wa mashine. Ukiachwa, mashine itaipima kila picha peke yake, itang’arisha zenye kivuli na kufifisha zenye anga, na kazi yako yote ya kufunga mwanga itapotea kwa dakika moja. Pili, bila ukingo mweupe. Jaribu kwanza na picha 3 zinazofuatana uziweke pamoja mbele yake. Rangi zikipatana, mpe zilizobaki.

Picha ya simu yenye umbo la 4 kwa 3 ikiingizwa kwenye 10 kwa 15 hukatwa karibu asilimia 11 ya kimo, nusu juu na nusu chini. Theluthi yako ya kupandana kwa wima inashuka hadi kama asilimia 25, bado inatosha. Ukiwa ulizipandanisha kidogo mno, utaona mapengo. Kolaji ya picha 30 itafikia sentimita 65 kwa 40 hivi, hivyo ubao wa A1 unaacha nafasi ya kupumua pande zote. Foamboard (mbao nyepesi za povu) za saizi hiyo zinapatikana kwa wachapishaji wa Nasser Road, Kampala. Manila peke yake hujikunja kwa uzito wa picha.

Panga zote kwanza bila gundi, ukishikiza kwa vipande vya selotepu ya karatasi. Iache usiku kucha, itazame asubuhi, sogeza zinazokukera. Kisha ipige picha kutoka juu, weka alama ndogo za penseli kwenye ubao penye kona za nanga, andika namba nyuma ya kila picha kwa penseli laini ya 2B. Kalamu ya wino huhamia kwenye uso wa picha iliyo chini yake. Sasa fungua, na ubandike kuanzia za chini kabisa kwenda juu, ukifuata ile picha uliyopiga.

Gundi nyeupe ya maji haifai. Karatasi ya picha imefunikwa plastiki pande zote mbili, kwa hiyo maji hayana pa kutokea, gundi haikauki na picha inapinda. Tumia selotepu ya pande mbili yenye upana wa milimita 12, mistari miwili nyuma ya kila picha, sentimita 1 kutoka ukingoni. Usiipeleke hadi ukingo. Ukingo ulioinuka kidogo ndio unaotupa kivuli kidogo juu ya jirani yake. Gundi ya kupuliza ni ya haraka zaidi, ila ipulizwe nje penye hewa, na haikupi nafasi ya kusahihisha.

Ukiweka kwenye fremu, kioo kisigusane na picha. Kwenye unyevu wetu uso wa picha hushikana na kioo na ukivitenganisha rangi inabaki kwenye kioo. Mwombe fundi aweke vijiti vya milimita 5 kati ya kioo na ubao, na itundike ukuta usiopigwa na jua la asubuhi wala la jioni.